Upige chuma mara ngapi kwa wiki upate nguvu? Mwongozo kwa mtu wa kawaida, Unguja na Pemba

Suala hili huulizwa sana kwenye majimu ya uani huku kwetu na kila mtu ana lake. Yuko anaekwambia kila siku isipokuwa Ijumaa, yuko anaekwambia mara moja tu lakini siku hiyo ujiue, na yuko yule wa kikundi cha mazoezi anaetoka Jumapili asubuhi na wenzake kukimbia mpaka Maisara, akirudi anajihesabia kamaliza wiki. Mie jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: kila sehemu kubwa ya mwili ipige mara 2 mpaka 3 kwa wiki, siku zisigusane, na uzito uwe uzito kweli. Anaetaka kujua kwa nini, na apange vipi kwa kazi zetu hizi na jua letu hili, ashuke chini.

Hapa nazungumzia nguvu, yaani uwezo wa kuinua kitu kizito kuliko ulichoinua mwezi uliopita. Kukimbia ni kuzuri sana kwa moyo na pumzi, na ile tarehe 1 Januari vikundi vinapotoka barabarani kwa siku ya mazoezi inapendeza mashallah, lakini mguu unaokimbia haubebi mzigo wa kuufanya uinue kiroba cha unga. Hivo ni vitu viwili tafauti, fanya vyote ukiweza.

Kwa nini idadi ya siku ina maana, na inaishia wapi

Mwaka 2018 mtafiti Jozo Grgic na wenzake walikusanya tafiti 22 zilizopima suala hili hili, wakakuta kwamba watu wanaofanya siku nyingi kwa wiki wanaongeza nguvu zaidi. Ukiishia hapo utakimbilia kwenda jimu kila siku. Lakini walipotazama tafiti ambazo kazi yote ya wiki ilikuwa sawa, yaani seti (raundi za kuinua mfululizo kabla ya kupumzika) zile zile ila zimegawiwa kwa siku chache au nyingi, tafauti ikawa haionekani tena. Kwa hiyo kinachojenga nguvu ni jumla ya kazi ya wiki, na siku ni vyombo tu vya kuigawia.

Sasa mtu atasema basi nifanye zote Jumapili nimalize. Hapo ndo pana mtego. Mwaka 2000 McLester na wenzake huko Marekani walichukua watu ambao tayari walikuwa wazoefu wa chuma, wakawapa kazi sawa kwa wiki 12, kundi moja siku 1 kwa wiki na kundi jengine siku 3. Wa siku 1 waliongeza nguvu, lakini nyongeza yao ilikuwa kama asilimia 62 tu ya wenzao. Mie nikisoma hizi mbili pamoja naona hivi: kutoka siku 1 kwenda 2 au 3 unapata kitu, kutoka 3 kwenda 5 kwa kazi ile ile unapata kidogo sana au hupati, unachopata ni nauli ya daladala.

Sababu si ngumu kuielewa. Piga picha seti 9 za skwati, yaani kuchuchumaa na mzigo, siku moja. Tatu za mwanzo safi, tatu za pili unatetemeka, tatu za mwisho umepunguza chuma na mgongo umeinama, hizo huwezi kuziita kazi, hiyo ni adhabu. Zigawe tatu tatu kwa siku tatu, zote 9 zinakuwa za mwanzo. Halafu kuna mambo ya mishipa ya fahamu, maana wiki za mwanzo nguvu zinazoongezeka hazitokani na msuli kuwa mnene, zinatokana na ubongo kujifunza kuamsha msuli uliopo, jambo ambalo Moritani na deVries walilionesha tangu mwaka 1979. Na kujifunza kunataka kurudia, kama mtoto wa chuoni, anaepewa aya mbili leo na mbili keshokutwa anahifadhi, anaepewa juzuu nzima Jumamosi moja anatoka na kichwa kinauma.

Na kwa nini siku zisigusane? Baada ya kupiga chuma kizito mwili unaendelea kujenga msuli ule kwa masaa 24 mpaka 48 hivi. Ukiurudia kesho asubuhi unauvuruga fundi yuko kazini.

Hatua ya 1: hesabu siku ulizonazo kweli

Chukua karatasi, andika wiki yako ilivo, sio unavotamani iwe. Mtu wa ofisini Vuga au Chake anatoka alasiri, ana nafasi baina ya alasiri na magharibi, Jumamosi ana asubuhi nzima. Huyu mpe Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, na Ijumaa aiwache na mambo yake. Mwenye duka Darajani anaefunga usiku itabidi aamke, afanye baada ya alfajiri kabla jua halijapanda, na kwa kweli miezi ya kaskazi hata asiyekuwa na duka ningemwambia afanye alfajiri, joto la saa tisa mchana chini ya bati si la kuinulia kitu.

Hamali wa bandarini Malindi, au kijana wa Pemba msimu wa karafuu anaepanda na kushuka mikarafuu kutwa, huyu kazi keshaianza kabla hajagusa chuma. Siku 2 zinamtosha kabisa, na aziweke kwenye siku nyepesi. Watu wanasahau kuihesabu kazi, wanaiga programu ya mtu aliekaa kitini siku nzima halafu wanashangaa mabega yanauma.

Na kuna ambao wiki yao haiendi kwa Jumatatu na Jumanne, inakwenda kwa maji. Kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani na kule Kiuyu, wavuvi, wachokoaji wa pweza, bamvu (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) likiingia hawana nafasi, maji yakitoka wapo pwani wameinama masaa. Kuwapangia hawa mara tatu kila wiki ni kuwadanganya. Wafate mwezi: wakati wa bamvu siku 1 fupi ya kushikilia nguvu, maji mafu yakija siku 3. Hii si kubahatisha, mwaka 1988 Graves na wenzake walichukua watu waliokuwa wakifanya siku 2 au 3, wakawapunguzia siku kwa wiki 12, nguvu zao zikabaki pale pale mradi uzito haukupunguzwa. Walioacha kabisa ndo walioshuka.

Hatua ya 2: chagua mazoezi machache

Matano yanatosha. Kuchuchumaa na mzigo, kusukuma (pushapu, benchi presi yaani kusukuma chuma umelala chali, au kusukuma juu ya kichwa), kuvuta (kujivuta juu ya bomba, au kuvuta dumu kuelekea tumboni umeinama), kuinua mzigo kutoka chini, na kubeba ukatembea. Haya yanachukua misuli mingi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo siku tatu za haya zinaugusa mwili wote mara tatu. Mazoezi ya mkono wa mbele peke yake na kadhalika ni urembo, fanya mwisho ukipenda.

Kijana mmoja alikuwa akimlalamikia mwenzake kwenye jimu moja ya uani Jang'ombe:

"Kaka, mie kifua napiga kila siku, mbona benchi haipandi?"

"Miguu unapiga lini?"

"Miguu nacheza mpira."

"Na mgongo?"

Akacheka tu. Benchi yake ilipanda alipoipunguza mpaka siku 3 na zile siku nyengine akaanza kuvuta na kuchuchumaa. Mashati yakamshinda kuvaa baadae lakini hilo si letu.

Hatua ya 3: pata uzito unaoujua

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapoharibu. Nguvu hazipimiki kama hujui umeinua kilo ngapi, na jimu nyingi za mtaani chuma chake ni bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kopo la lita 4 likijaa zege ni kilo 9 hivi, na hiyo "hivi" ndo tatizo, kwa sababu kokoto za kopo hili si kokoto za lile, moja lilijazwa vizuri jengine lina tundu la hewa ndani. Upande mmoja wa bomba refu ukizidi mwenziwe kilo moja, mgongo unapinda bila ya wewe kujua na utasikia kiuno baada ya mwezi. Chukua makopo yote mpaka kwa muuza unga mwenye mizani ya kuaminika, pima moja moja, andika namba kwa rangi kwenye ubavu, la kilo 9 litafutie mwenzake wa kilo 9. Likipunguka, lipakie chuma kidogo kwa waya mpaka yalingane. Halafu weka alama katikati ya bomba kwa tepu ili mikono ishike sawa.

Asiyekuwa na jimu, dumu la maji. Lita 1 ya maji ni kilo 1, hakuna mizani rahisi kuliko hiyo. Chukua dumu la lita 20, mimina lita moja moja kwa chupa, kila lita piga mstari kwa maka peni nje. Sasa una uzito wa kuanzia 1 mpaka 20 na unaweza kupanda kwa nusu kilo, kitu ambacho hata jimu za maana nyengine hazina vyuma vidogo hivo. Ubaya wake dumu lisilojaa maji yanacheza ndani yakakuvuta upande, kwa hiyo usilipeleke juu ya kichwa likiwa nusu, tumia kuchuchumaa, kuvuta na kubeba. Madumu mawili yaliyojaa, moja kila mkono, tembea uani mpaka ukutani na kurudi, yakhe utaniambia.

Uzito wa kuanzia: ule unaoweza kuuinua mara 8 mpaka 12 kwa umbo zuri na ukahisi bado mara 2 ungeweza. Ukishazoea, baada ya miezi kadhaa, seti za kwanza zipandishe ziwe za mara 5 au 6 kwa chuma kizito zaidi, maana nguvu zinataka uzito. Ukiweza kuinua mara 30 bila kusimama hapo unajenga uvumilivu, ongeza mzigo.

Hatua ya 4: gawa kazi

Anza na seti 6 mpaka 9 za kila zoezi kwa wiki nzima. Zikigawiwa:

Siku 2 (tuseme Jumamosi na Jumanne): kila zoezi seti 3 mpaka 4, mwili mzima siku zote mbili.

Siku 3 (Jumamosi, Jumatatu, Jumatano): kila zoezi seti 2 mpaka 3. Mtu akizoea, Jumatatu iwe nyepesi kidogo.

Siku 1: kwa kushikilia tu, au kwa mgonjwa wa nafasi. Seti 3 za kila zoezi, nzito. Ni bora kuliko hakuna, na anaeanza kabisa hata hiyo itampa nguvu kwa muda, ila asitarajie kuwafikia wenzake.

Baina ya seti pumzika dakika 2 mpaka 3. Wengi wanaona kupumzika ni uvivu, wanataka jasho, lakini ukirudi kabla hujakaa sawa utainua kidogo, na tunachotaka ni kuinua kingi. Jimu yenye bomba moja na watu watatu hili linajitatua lenyewe, mnapokezana, tatizo ni aliekaa na simu dakika kumi juu ya benchi.

Nani afanye ngapi? Mwongozo wa jumuiya ya tiba ya michezo ya Marekani, ACSM, wa mwaka 2009 unampa anaeanza siku 2 mpaka 3, wa kati 3 mpaka 4, na mzoefu 4 mpaka 5. Lakini angalia, yule wa siku 4 au 5 hapigi mwili mzima kila siku, anaugawa, leo juu kesho chini, kwa hiyo ukihesabu msuli mmoja mmoja unarudi kule kule mara 2.

Hatua ya 5: daftari

La skuli la kurasa 40 linatosha. Tarehe, zoezi, kilo, mara. Ukiweza mara 12 kwenye seti zote kwa vipindi viwili vya mazoezi mfululizo, ongeza nusu kilo au kilo mbili na nusu kulingana na zoezi, miguu inapokea zaidi kuliko mikono. Bila daftari mtu anapiga chuma kile kile mwaka mzima anasema anafanya mazoezi.

Daftari ndo litakalokwambia pia kama siku zinatosha. Namba zimesimama wiki tatu nne, unalala vizuri, unakula, na siku ya mazoezi unafika huna maumivu? Ongeza seti kwanza, zikiwa nyingi mpaka jimu inachukua saa mbili ndo ongeza siku ya nne uzigawe. Namba zinashuka, usingizi mbaya, viungo vinauma, hamu huna? Ondoa siku moja, usiongeze. Watu hapa hufanya kinyume, chuma kikigoma wanaenda mara sita.

Ramadhani

Mwezi wenyewe unawatisha watu kwamba nguvu zote zitapotea. Hazipotei. Bickel na wenzake, mwaka 2011, waliwafanyisha watu mazoezi siku 3 kwa wiki kwa wiki 16, halafu kwa wiki 32 baadhi yao wakafanya siku 1 tu kwa wiki, na katika hao kundi moja lilifanya theluthi ya kazi ya mwanzo na jengine sehemu moja ya tisa. Nguvu walizozipata kwa sehemu kubwa zilibaki, vijana na watu wazima wa miaka 60 na zaidi. Unene wa msuli ndo uliopungua kwa wale wazee. Sasa kama wiki 32 hazikuwaangusha, Ramadhani itakuangusha vipi?

Panga siku 1 au 2, baada ya tarawehe, futari ikiwa imeshatulia na maji umeshakunywa. Punguza seti, uzito uwache ule ule, hilo ndo la muhimu. Mwengine anapenda saa moja kabla ya magharibi, ni sawa kwa mwepesi, lakini kuchuchumaa na chuma kizito umefunga na kiu ya kutwa mie sikushauri. Baada ya Idi rudi kwa siku mbili wiki ya kwanza, usije ukalipiza.

Wazee na wanaojiona wazee

Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 liliandika watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu ya misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki, na wa miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kusimama imara bila kupepesuka na ya nguvu siku 3 au zaidi, ili wasianguke. Bi mkubwa hahitaji jimu. Kiti kigumu kilichoegemezwa ukuta wa baraza, akae asimame bila kushika, mara 8, apumzike, arudie seti 3. Ikiwa rahisi ashike kidumu cha lita 3 kifuani. Kusukuma ukuta kwa mikono badala ya pushapu. Siku 3 kwa wiki, na kwa vile mzigo si mkubwa hachoki sana.

Mwenye presha apimwe kituo cha afya kwanza, na asibane pumzi wakati wa kuinua, apumue nje anaposukuma. Kubana pumzi kunapandisha presha ghafla.

Mambo ya kuangalia

Maumivu ya msuli mzima yanayokuja kesho yake na kuzidi keshokutwa ni ya kawaida, hasa wiki ya kwanza, yakipita masaa 72 huanza kupungua. Maumivu ya kuchoma kwenye kiungo, goti au bega, hayo si ya kawaida, simamisha zoezi hilo. Na ukiona baada ya siku ya kujiua mkojo umekuwa rangi ya kokakola na misuli imevimba, usikae nyumbani unywe maji ya ndimu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, msuli uliovunjika unaweza kuharibu figo. Hii huwapata zaidi wale wa "mara moja lakini ujiue".

Chakula sitakizungumza sana, maharage, mbaazi, dagaa, mayai, jodari akipatikana, kula kila mlo na si usiku tu, na lala. Unga wa protini wa makopo si lazima. Sindano za jimu za kukuza misuli achana nazo kabisa.

Ukikosa siku

Utakosa, kutakuwa na maziko, harusi, mvua ya masika imekata barabara. Ukikosa Jumatatu fanya Jumanne na ile ya Jumatano ihamie Alkhamisi. Ukikosa zote mbili, subiri Jumamosi uendelee na uzito ulioandika mara ya mwisho, usifanye seti za wiki nzima kwa siku moja kulipa deni. Ukiwa umekaa wiki mbili au zaidi, punguza kama sehemu moja ya kumi ya uzito siku ya kwanza kisha panda tena, utafika ulipokuwa haraka kuliko mara ya kwanza.